Kazi Inayosubiri Kazi: Orodha za Simu na Msimu wa Mahindi wa Chebunyo

Orodha ya kazi, iwe imeandikwa katika daftari la shule au imehifadhiwa katika programu ya simu, kwa kawaida huziweka kazi zote katika safu moja, moja chini ya nyingine, kana kwamba kila moja ingeweza kuanzwa wakati wowote mwenyewe apatapo nafasi. Ilhali katika shughuli yoyote yenye uzito, sehemu kubwa ya kazi hizo haiwezi kuguswa leo kwa sababu inasubiri kazi nyingine zimalizike kwanza. Uhusiano huo wa kazi moja kuingoja nyingine huitwa utegemezi wa kazi. Ile inayopaswa kumalizika kwanza ni kazi tangulizi, na ile inayoingoja ni kazi tegemezi. Mazungumzo haya yanahusu namna programu za orodha ya kazi zinavyoubeba utegemezi huo au zinavyoshindwa kuubeba, na yanalitazama suala lenyewe kutoka Chebunyo, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, ambako hakuna mwenye shamba anayeweza kuandaa msimu wa mahindi bila kujua, kwa maandishi au kichwani, nini kinasubiri nini.

Jina la Bomet, sawa na la Kericho, huwajia wengi pamoja na picha ya mashamba ya majani chai, na picha hiyo ni ya kweli kwa Konoin na kwa maeneo ya juu yanayopakana na Kericho. Chebunyo iko upande wa chini, katika nchi kavu zaidi inayoelekea Narok, ambako mvua haina uhakika kama ile ya milimani, na ambako riziki hutegemea mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa kuliko chai. Tofauti hiyo ina maana kubwa katika suala hili. Mahali penye mvua ya kutosha karibu mwaka mzima, kazi iliyochelewa kwa wiki moja mara nyingi hufidiwa. Mahali ambapo mvua za masika huanza Machi na zaweza kukatika kabla ya wakati wake, wiki moja iliyopotea kabla ya kupanda huonekana wazi wakati wa mavuno.

Kabla ya mbegu kuingia ardhini, kuna mlolongo wa kazi ambao unastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa ndimo utegemezi unamoonekana bila kificho. Chukuliwe suala la mbolea ya kupandia. Serikali ya Kenya iliteremsha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2022, kisha hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na nafuu hiyo haimfikii mkulima kwa kwenda tu dukani na pesa mkononi. Hana budi kwanza kuwa ameandikishwa kupitia kwa chifu au naibu wa chifu, kwa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba, baada ya hapo husubiri ujumbe mfupi wenye vocha ya kielektroniki, akishaupata hulipa, na akishalipa ndipo huenda kuchukua gunia katika ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB, au katika kituo kingine kilichoteuliwa. Hatua hizo nne zimefungamana, na mojawapo, ile ya kusubiri ujumbe, haimo kabisa katika uwezo wa mkulima. Sambamba na mlolongo huo kuna mwingine wa udongo: kulima mara ya kwanza kwa ng'ombe au kwa trekta, kuacha magugu yaoze, kulima mara ya pili ili kulainisha madongoa. Kuna pia ununuzi wa mbegu zilizothibitishwa, ambao hausubiri chochote isipokuwa pesa. Milolongo yote mitatu hukutana katika kazi moja, kupanda, ambayo nayo inasubiri mvua.

Mkulima mwenye simu ya kisasa akiziandika kazi hizo katika programu nyepesi ya orodha, atakachopewa mara nyingi ni nafasi ya kuandika jina la kazi na nafasi ya kuweka tarehe. Kwa kuwa hakuna mahali pa kusema kwamba kupanda kunasubiri mbolea, hulazimika kulisema jambo hilo kwa njia ya kuzunguka, yaani kwa kukisia: mbolea tarehe 5 Machi, kupanda tarehe 12 Machi. Hapo ndipo kosa kuu la orodha nyingi linapozaliwa, kwani tarehe imepewa jukumu ambalo si lake. Tarehe ya kweli hutoka nje ya kazi yenyewe, kama vile siku ya mwisho ya kulipa karo au siku ya mkutano uliokwisha kuitishwa. Tarehe ya kukisia ni kivuli tu cha uhusiano ambao haukuandikwa. Ujumbe wa vocha ukichelewa kwa siku 10, tarehe ya mbolea hupita, tarehe ya kupanda hupita, na ya palizi na ya mbolea ya kukuzia nazo zinabaki zilipokuwa, kwa sababu programu haina habari kwamba zilikuwa zimeshikana. Skrini hujaa rangi nyekundu ya kazi zilizochelewa, ingawa hakuna aliyezembea. Mtu anayeonyeshwa wekundu huo kila asubuhi kwa mambo asiyoweza kuyafanya hujizoeza kuupuuza, na akishauzoea, huupuuza hata siku unapomwambia ukweli. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ile ya kazi moja iliyosahaulika, maana inaiua imani juu ya orodha nzima.

Tatizo hili si geni, na dawa yake ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni mwishoni mwa karne ya 19 mchoro wa kuonyesha jinsi kazi za kiwandani zinavyofuatana na kutegemeana. Mmarekani Henry Gantt akaeneza katika miaka ya 1910 mchoro wa mistari ya muda ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walipotafuta namna ya kupunguza muda ambao kiwanda husimama kwa ajili ya matengenezo, na karibu wakati huohuo Jeshi la Wanamaji la Marekani likatengeneza mbinu ya jamii hiyo kwa mradi wake wa makombora ya Polaris. Walichokigundua Walker na Kelley kinaweza kuitwa njia nyeti: katika mtandao wowote wa kazi zinazotegemeana, mlolongo ulio mrefu kuliko mingine yote ndio unaoamua siku ya mwisho, na kuchelewa kwa kazi yoyote iliyo katika mlolongo huo ni kuchelewa kwa shughuli nzima. Kazi zilizo nje yake zina nafasi ya kuchelewa, yaani siku ambazo zinaweza kupotea bila kumdhuru mtu.

Hesabu yake haihitaji mashine. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba ujumbe wa vocha hufika siku 14 baada ya mkulima kuandikishwa, na kwamba malipo na safari ya ghalani huchukua siku 2. Mlolongo wa mbolea basi una siku 16. Kulima mara ya kwanza kuchukue siku 3, magugu yaoze kwa siku 14, na kulima mara ya pili kuchukue siku 2. Mlolongo wa udongo una siku 19. Mbegu ni siku 1. Njia nyeti hapa ni ya udongo, wala si ya mbolea, ingawa mbolea ndiyo inayozungumzwa zaidi barazani kwa chifu kwa sababu iko mikononi mwa watu wengine. Ununuzi wa mbegu una nafasi ya siku 18, na mbolea ina nafasi ya siku 3. Lakini anayeahirisha kulima kwa siku moja tu, akidhani kwamba hakuna haja ya haraka maadamu vocha haijafika, amekwisha kuisogeza siku ya kupanda. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba njia nyeti huhama. Vocha ikichelewa kwa siku 5, mlolongo wa mbolea unakuwa wa siku 21 na unaupita ule wa udongo, na kuanzia hapo kuharakisha jembe hakuleti faida yoyote. Orodha isiyojua viungo haiwezi kumwambia mwenye shamba lolote kati ya mambo haya, hata ikiwa na kengele na rangi za kila aina.

Swali linalofuata ni kazi zipangweje ili isitokee moja ikatajwa kabla ya ile inayoitangulia. Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha njia ambayo wataalamu wa kompyuta huiita upangaji wa kitopolojia, na ambayo mtu anaweza kuitekeleza kwa kalamu akiwa ameketi chini ya mti. Huanza kwa kutafuta kazi zisizosubiri chochote, nazo huandikwa mwanzo. Kisha kila kiungo kinachotoka kwazo hufutwa. Kazi ambazo sasa zimebaki bila kiungo cha kusubiri huandikwa zikifuata, na zoezi hurudiwa hadi kazi ziishe. Uzuri wa njia hii unaonekana zaidi inaposhindwa. Zikibaki kazi ambazo hazijaandikwa na hakuna hata moja iliyo huru, ni dalili ya hakika kwamba kuna mzunguko, yaani kazi ya kwanza inaisubiri ya pili na ya pili inaisubiri ya kwanza. Mizunguko ya namna hiyo si jambo la vitabuni. Jirani mmoja ana jozi ya ng'ombe lakini hana jembe la kukokotwa, mwingine ana jembe lakini hana ng'ombe, na kila mmoja amekubali kumwazima mwenzake baada ya shamba lake mwenyewe kulimwa: makubaliano ya ukarimu kabisa, na hakuna atakayelima. Kokwet, yaani jumuiya ya ujirani ambayo kwa Wakipsigis ndiyo iliyokuwa ikipanga kazi za kusaidiana mashambani, ilikuwa na jibu la mzunguko huo, kwa kuwa kikundi kilichokaa pamoja kiliweza kuamua shamba la nani litangulie. Programu ya simu inaweza kuugundua mzunguko. Kuukata ni kazi ya watu wanaozungumza.

Programu zenyewe hazilingani. Microsoft Project, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, imejengwa juu ya viungo vya kutegemeana, na Asana, inayotumiwa na vikundi vya maofisini, humjulisha mhusika kwamba kazi aliyokuwa akiisubiri imekamilika. OmniFocus humruhusu mtumiaji kuutangaza mradi kuwa wa mfuatano au wa sambamba, na ukiwa wa mfuatano, inaweza kuonyesha ile kazi moja tu ambayo zamu yake imefika. Iliyo na fikra nzuri kuliko zote, kwa maoni ya mazungumzo haya, ni Taskwarrior, programu ya bure inayoendeshwa kwa maandishi matupu kwenye kompyuta: kazi inayozuia nyingine huongezewa uzito na kupanda juu, na kazi iliyozuiwa hupunguziwa uzito na kushuka. Kanuni hiyo ni ya maana sana, kwani inasema kwamba umuhimu wa kazi haumo ndani ya kazi peke yake, bali pia katika mambo yaliyokwama kwa sababu yake. Kumpigia simu naibu wa chifu ni jambo la dakika mbili ambalo hakuna mtu angeliweka juu ya orodha. Linapofahamika kuwa ndilo linalozuia vocha, malipo, ghala na kupanda, mahali pake pa haki ni mstari wa kwanza. Programu nyepesi zilizo katika simu za watu wengi, kwa upande wake, hutoa kazi ndogondogo zilizowekwa chini ya kazi kubwa. Mpangilio huo wa mzazi na watoto ni wa kuonyesha kwamba kitu ni sehemu ya kitu kingine, na si lazima sehemu moja iwe inaisubiri nyingine. Wengi huutumia mahali pa utegemezi kwa sababu hawakupewa chombo kingine.

Hata programu nyingi zinazojua kufunga viungo hukosa jambo ambalo nchi ya chai inalifahamu vizuri kuliko ofisi yoyote. Majani mawili na chipukizi yakishachunwa Konoin au Litein, hayasubiri. Hupelekwa kwenye kituo cha kununulia, hupimwa, hupakiwa kwenye lori na kufikishwa kiwandani siku hiyohiyo, ambako hunyaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kukatwa, kuachwa yachachuke na kukaushwa. Lori likikwama kwenye tope, majani yaliyoshindiliwa ndani ya magunia hupata joto, huwa mekundu na kupoteza thamani. Kwa hiyo kiungo kati ya kuchuna na kunyausha kina masharti mawili: moja baada ya nyingine, na tena ndani ya muda mfupi. Viungo vingine vina sharti la kinyume, la kungoja angalau muda fulani. Mbolea ya kukuzia, kama CAN, haiwekwi siku moja baada ya kupanda, bali huwekwa baada ya wiki kadhaa, mahindi yakishafika magotini. Kiungo cha kawaida cha programu, kinachosema tu kwamba hii ije baada ya ile, hakiwezi kuvitofautisha viungo hivi viwili, ijapokuwa katika cha kwanza uvivu ndio adui na katika cha pili adui ni haraka. Mtumiaji anayelijua pengo hilo huliziba kwa kuyaandika masharti ndani ya jina la kazi lenyewe: "CAN, si kabla ya wiki ya nne", au "majani kituoni, kabla ya lori kuondoka". Si suluhisho la kujivunia, lakini linahifadhi ukweli mahali unapoweza kusomwa.

Lipo pia suala la kusubiri watu, na hili ndilo linalostahili uzito mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Vitabu vya mbinu hizi huchora mishale kati ya kazi na kazi kana kwamba kazi zinajitenda zenyewe. Mwandishi wa Marekani David Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya utaratibu wa kazi, alipendekeza orodha ya pekee ya mambo yanayosubiriwa kutoka kwa wengine, na pendekezo hilo lina thamani kubwa vijijini, ambako dereva wa trekta mmoja husubiriwa na familia nyingi katika wiki moja. Kiungo kilichoandikwa "kinasubiri trekta" ni nusu ya habari. Kiungo kamili hutaja ni nani anayesubiriwa, aliahidi nini, na ni siku gani ataulizwa tena. Siku hiyo ya kuuliza ni tarehe ya kweli, kwa kuwa iko ndani ya uwezo wa mwenye kuandika, tofauti na ile ya kukisia iliyolaumiwa hapo juu. Ukamilifu wa namna hii unamtendea haki na yule anayesubiriwa, maana akiulizwa siku waliyopatana haoni kama anasumbuliwa, na asipoulizwa mwezi mzima kisha akalaumiwa, ana sababu ya kusikitika.

Wapo wanaokwenda upande mwingine na kufunga viungo kila mahali, hata pale ambapo kazi mbili hufuatana kwa mazoea tu. Kununua mbegu baada ya kupata mbolea ni mazoea; hakuna kitu katika mbegu kinachoisubiri mbolea. Kiungo cha mazoea huficha kazi ambayo ingefanywa leo, na katika wiki ambayo maduka ya pembejeo yana watu wachache na aina zote za mbegu zipo, kuificha kazi hiyo ni gharama. Kipimo ni rahisi: je, kazi tegemezi ikianzwa sasa, itaharibika au itashindikana? Jibu likiwa hapana, kiungo hakifai kuwapo.

Utegemezi mgumu kuliko wote kwa programu za sasa, hata hivyo, ni ule unaovuka msimu. Septemba 2011, huko Longisa katika Bomet hiihii, uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya ugonjwa wa mahindi unaofahamika kwa kifupi cha MLN, ambao hutokana na virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja, kimoja kikiwa cha madoa ya njano ya mahindi na kingine cha jamii ya virusi vya miwa, vikienezwa na wadudu wadogo kama vithiripi na vidukari. Majani hukauka kuanzia pembeni, mmea hufa kabla ya wakati au hutoa gunzi lisilo na punje, na hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kushikwa. Virusi hivyo hustawi pale ambapo mahindi hayakomi shambani, na ndiyo maana ushauri mkuu wa watafiti umekuwa ni kukatiza mahindi kwa msimu au zaidi, na badala yake kupanda maharagwe, viazi au zao jingine lisilo la jamii ya nafaka. Kwa lugha ya utegemezi, kupanda mahindi katika kipande fulani kunasubiri kazi iliyopaswa kufanywa katika kipande hichohicho msimu uliopita, pengine na mtu mwingine wa familia, kwenye simu nyingine.

Programu nyingi zina kitufe cha kuirudia kazi kila mwaka, na kitufe hicho huinakili "panda mahindi" kutoka Machi hadi Machi bila kuuliza ni nini kilichotoka katika udongo huo. Kinachohitajika ni kazi inayorudi ikiwa na sharti lake, na iliyofungwa kwenye kipande cha shamba badala ya kufungwa kwenye mwezi. Wahandisi wa programu wa Nairobi na Eldoret wanaoandika kwa ajili ya wakulima wana uwezo wa kuitengeneza, kwa kuwa njia ya Kahn inaitosha kazi hiyo na haihitaji simu ya bei kubwa. Kwa sasa, mwenye shamba huko Chebunyo anayetaka kiungo hicho kisipotee hana budi kukiandika siku ya kuvuna, wakati gunzi lililougua na lililo zima yote yako mbele ya macho yake, akitaja jina la kipande, zao lililotoka, alama za ugonjwa zilizoonekana, na zao litakalotangulia kabla ya mahindi kurudi.